Jinsi Mkurugenzi Mtendaji Anavyoandaa Dira ya Kampuni na Kuieleza Mpaka Ieleweke

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, dira ya kampuni imechapwa kwa herufi nzuri, ikatiwa kwenye fremu na kutundikwa karibu na meza ya mapokezi. Ukiisoma utakuta kwamba kampuni inakusudia kuwa kinara wa huduma bora katika ukanda huu kwa kutumia teknolojia ya kisasa na wafanyakazi wenye weledi. Ukiliondoa jina la kampuni hiyo ukaweka la mshindani wake, hakuna neno lingine litakalohitaji kurekebishwa. Dira ya namna hiyo haimdhuru mtu, lakini pia haimfai mtu, kwa kuwa karani wa dirishani anapokutana na jambo ambalo halimo katika kanuni za kazi, maneno yale ya ukutani hayamwambii afanye nini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkurugenzi mtendaji ambaye amepewa kampuni aiongoze, au ameianzisha mwenyewe na sasa imekua kiasi kwamba hawezi tena kumwelekeza kila mtu kwa mdomo wake. Kipimo kinachotumika humu ni kimoja: dira iko wazi pale ambapo mfanyakazi wa ngazi ya chini anaweza kuitumia kuamua jambo bila kupiga simu makao makuu. Kila hatua inayofuata inalenga kufikia hapo.

Hatua ya kwanza: Sikiliza kabla ya kuandika

Mara nyingi kazi hii huanza na semina ya siku mbili hotelini, ambako wakuu wa idara huketi na mshauri mwelekezi, wakabandika karatasi ukutani, kisha wakatoka na sentensi iliyokubalika kwa sababu haimkwazi yeyote kati yao. Semina ina nafasi yake, lakini isiwe mwanzo. Mwanzo ni kutoka ofisini na kwenda kuangalia wateja wanaitumiaje bidhaa yako, maana mara nyingi wanaitumia kwa namna ambayo kampuni haikuipanga.

Historia ya M-Pesa inaonyesha jambo hili vizuri. Majaribio ya kwanza, yaliyofanywa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005 chini ya Vodafone na Safaricom, yalilenga kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Upande wa mikopo ulileta usumbufu, kwa kuwa utaratibu wa vikundi na mikutano yao haukuoana na malipo ya simu. Hata hivyo, waliosimamia majaribio waliona kwamba wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakiweka fedha kwenye simu kabla ya kusafiri ili wasizibebe mfukoni njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, wakati Michael Joseph akiwa mtendaji mkuu wa Safaricom, suala la mikopo lilikuwa limewekwa kando na ujumbe wa tangazo ulikuwa mfupi kabisa: tuma pesa nyumbani. Mtu wa soko la Gikomba jijini Nairobi mwenye mama kijijini hakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na wakala mpya naye alijua kazi yake ni ipi.

Kwa hiyo tenga wiki tatu au nne, na uifanye kazi hii wewe mwenyewe badala ya kumwachia mshauri. Soma daftari la malalamiko la mwaka mzima. Keti na wahudumu wa dirishani, madereva, mafundi na wanaopokea simu za wateja, bila wakuu wao kuwepo, kwa sababu bosi akiwa chumbani utapata majibu ya heshima tu. Watafute pia wateja waliokuacha, ingawa mazungumzo yao hayafurahishi. Maswali matatu yanatosha: ni jambo gani tukiliacha leo litakulazimu utafute kampuni nyingine, ni jambo gani tunalolifanya ambalo hulihitaji, na ni lipi unalolifanya kwa taabu ambalo tungeweza kukurahisishia. Andika majibu kwa maneno ya waliosema, bila kuyapamba.

Hatua ya pili: Elewana na wenye kampuni

Kabla ya kuandika chochote, fahamu wenye mali wanataka nini na kwa muda gani. Bodi inayotarajia gawio kubwa kila mwaka haiwezi kuidhinisha kwa dhati dira inayohitaji miaka mitano ya kuwekeza kabla ya kuvuna, hata kama wajumbe wote watanyoosha mikono kikaoni. Tofauti hiyo ikifichwa leo, itajitokeza katika bajeti ya mwaka wa pili, na wakati huo utakuwa umeshawaahidi wafanyakazi.

Katika ukanda wetu kuna jambo ambalo vitabu vya uongozi vinavyoandikwa kwingineko havilitilii uzito. Kampuni nyingi ni za familia, na mwasisi, awe bado ni mwenyekiti au amestaafu, ana kauli inayozidi ile iliyoandikwa katika katiba ya kampuni. Mzee huyu asiipate dira mpya kikaoni kama wajumbe wengine. Mwendee nyumbani, peke yako, kwa adabu inayostahili umri wake na kazi aliyoifanya, umuulize alianzisha kampuni kwa sababu gani na ni kitu gani asingependa kipotee. Mara nyingi jibu lake lina kiini cha dira zaidi kuliko ripoti yoyote, na hata pale mnapotofautiana, ni afadhali mtofautiane sebuleni kwake kuliko mbele ya mameneja.

Katika mazungumzo hayo amueni pia kipindi cha dira. Miaka mitano hadi kumi inafaa kampuni nyingi: ni mirefu ya kutosha kubadili jambo la maana, na mifupi ya kutosha kwa walio kazini leo kujiona ndani yake.

Hatua ya tatu: Andika sentensi inayoamua

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Dira nzuri inataja anayehudumiwa, inataja kitakachobadilika katika maisha au biashara yake, na inaweka mpaka wa muda au wa mahali. Ikiwezekana ikae katika sentensi moja ambayo mtu anaweza kuisema bila kusoma.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya mabasi yanayokwenda mikoani. Rasimu ya kwanza kutoka semina ya hoteli ingesema: "Kuwa kampuni bora ya usafirishaji wa abiria Afrika Mashariki." Sasa linganisha na hii: "Ifikapo mwaka 2031, abiria anayesafiri nasi kati ya Dar es Salaam na Mwanza atajua saa atakayoondoka na saa atakayofika, na tukichelewa kwa kosa letu tutamrejeshea sehemu ya nauli yake."

Sentensi ya pili ni ndefu na haina madoido, lakini fuata inachofanya. Wakala wa tiketi kwenye Kituo cha Magufuli pale Mbezi anajua kwamba hawezi kulizuia basi kwa nusu saa akisubiri viti viwili vilivyobaki vijae. Kondakta anajua kwamba hatopakia abiria wa njiani pasipo na kituo kilichopangwa, hata kama fedha zao zinaonekana ni faida ya bure. Fundi wa gereji anajua kwamba tairi la kubahatisha libadilishwe usiku huu. Mhasibu naye anajua kwamba fungu la kurejesha nauli lazima liwepo kwenye bajeti, na kwamba likianza kukua, tatizo liko gereji au stendi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kumpigia mkurugenzi.

Sentensi hiyohiyo inaonyesha hatari ya kuandika kwa haraka. Dira inayosifu kuwahi, ikiachwa hivyo, inaweza kumfanya dereva akimbize basi, na barabara zetu zimekwisha kuzika watu wengi mno kwa sababu ya mwendo. Kwa hiyo dira lazima iambatane na kauli ya mipaka: muda wa safari utapangwa kwa kuzingatia ukomo wa kisheria wa kilomita 80 kwa saa, madereva wawili watapokezana, na muda uliopotea hautafidiwa kwa kukanyaga mafuta. Kila dira ina namna yake ya kuwapotosha watu wenye bidii. Ikae mezani mbele yenu, mjiulize: mfanyakazi anayetaka kusifiwa akiitekeleza kwa pupa, atamuumiza nani?

Wakati wa kuandika, tenganisha dira na mambo mawili yanayokaa karibu nayo. Dhamira inaeleza kazi mnayoifanya kila siku na sababu ya kuifanya, na malengo ni vipimo vya mwaka huu au robo hii. Kuongeza mapato kwa asilimia fulani ni lengo halali kabisa, lakini mfagizi wa ofisi na dereva hawawezi kuliona mbele yao na kulielekea.

Iwapo kazi zenu za kila siku hufanyika kwa Kiswahili, iandikeni dira kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, kisha wawekezaji wa nje watayarishiwe maandishi yao. Kampuni nyingi hufanya kinyume, na sentensi inayowafikia wafanyakazi huwa imekwisha kupoteza nguvu.

Hatua ya nne: Taja mtakachoacha, na uhamishe fedha

Dira huaminika pale inapogharimu. Benki ya Equity ya Kenya ilianza mwaka 1984 kama chama cha mikopo ya nyumba, na kufikia mwaka 1993 wasimamizi wa mabenki waliiona kuwa imefilisika kwa hesabu, yaani madeni yake yalizidi mali zake. James Mwangi alijiunga nayo katika kipindi hicho, na taasisi ikageukia watu wa kipato kidogo ambao benki kubwa hazikuwataka. Uamuzi huo haukuishia kwenye matamko. Masharti ya kiwango cha chini cha salio yaliondolewa, makaratasi ya kufungua akaunti yakapunguzwa, na magari yakapelekwa vijijini yakiwa na huduma za kibenki. Mkulima wa chai hakuhitaji kusoma dira ya benki hiyo, kwa kuwa aliiona pale alipofungua akaunti kwa fedha kidogo na hakuna aliyemtazama kwa dharau. Mwishoni mwa mwaka 2004 Equity ilipata leseni kamili ya benki, na mwaka 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Kabla ya kutangaza, basi, andaa orodha fupi ya mambo ambayo kampuni itayaacha: njia isiyolipa, bidhaa inayovuta nguvu za idara nzima, aina ya mteja ambaye mnamhudumia vibaya na mtaendelea kumhudumia vibaya. Ikiwa orodha ni tupu, rudi hatua ya tatu, kwa maana hakuna uamuzi uliofanyika. Halafu hakikisha kwamba bajeti ya kwanza baada ya tangazo ina fungu linaloonekana wazi kuwa limehamishwa kwa ajili ya dira. Wafanyakazi wa muda mrefu wameshuhudia wakurugenzi kadhaa wakija na maneno yao. Hawatasema kitu kikaoni, lakini wataangalia fedha zimekwenda wapi.

Mfano mwingine unatoka mbali kidogo. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya Marekani inayotengeneza aluminiamu, mwaka 1987, aliwaambia wawekezaji kwamba kipaumbele chake ni usalama wa wafanyakazi, na baadhi yao walishangaa. Hesabu yake ilikuwa kwamba kiwanda hakiwezi kuzuia majeraha pasipo kuielewa kila hatua ya uzalishaji, na kiwanda kinachoielewa kazi yake kiasi hicho kitazalisha vizuri pia. Majeraha yaliyowafanya wafanyakazi wakose kazi yalishuka kutoka kiwango cha 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi 0.2 kufikia mwaka 2000, na faida iliongezeka kwa kiasi kikubwa. Katika kipindi hicho alimwondoa mmoja wa viongozi wake wa juu kwa sababu tukio lililoathiri afya ya wafanyakazi katika kiwanda kilichoko Mexico halikuripotiwa ipasavyo, ingawa biashara aliyoisimamia kiongozi huyo ilikuwa ikifanya vizuri. Baada ya uamuzi wa namna hiyo, meneja yeyote anayefikiria kuficha ajali anajua kitakachompata.

Hatua ya tano: Itangaze kwa mpangilio

Mpangilio wa nani anasikia kwanza una uzito sawa na maneno yenyewe. Anza na bodi, kisha wakuu wa idara, kisha mameneja wa matawi na wasimamizi wa zamu, halafu wafanyakazi wote, na mwisho wateja na vyombo vya habari. Ngazi zote za ndani zimalizike ndani ya siku chache, kwani siku hizi picha ya karatasi moja iliyopigwa kikaoni hufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla kikao hakijafungwa, na tetesi zikitangulia utatumia miezi kuzikanusha.

Wasimamizi wa ngazi ya kati ndio watakaobeba au kuizika dira yako. Dereva hatamuuliza mkurugenzi maana ya jambo hili jipya. Atamuuliza mkuu wa zamu, na mkuu wa zamu akiinua mabega, mambo yamekwisha. Kwa hiyo wape wiki moja, kila mmoja aandike nusu ukurasa kuhusu kitu ambacho idara yake itafanya tofauti kuanzia mwezi ujao. Soma kila karatasi wewe mwenyewe. Zile zilizojaa maneno ya jumla zirudishe kwa upole, mwite mwandishi wake, mkae naye mpaka apate jambo moja la kweli. Kazi hii inachosha, na sijaona njia ya mkato inayoweza kuchukua nafasi yake.

Katika kikao cha wafanyakazi wote, fahamu kwamba watu wameingia na maswali matatu ambayo pengine hawatayatamka: je, kuna atakayepunguzwa kazi, je, mshahara utaguswa, na je, kuna uhamisho. Yajibu hayo kwanza, kwa ukweli, hata kama jibu la mojawapo ni kwamba uamuzi bado haujafikiwa na utatolewa tarehe fulani. Mtu mwenye wasiwasi wa ada ya mtoto hawezi kusikiliza habari za mwaka 2031. Kama kampuni ina tawi la chama cha wafanyakazi, viongozi wake wawe wameshaelezwa siku moja kabla, wasije wakajikuta wanaulizwa na wanachama wao mambo wasiyoyajua.

Baada ya hapo eleza dira kwa kisa kimoja cha kweli ulichokisikia katika hatua ya kwanza, uitaje sentensi yenyewe, useme mtakachoacha, na uache muda mrefu wa maswali kuliko wa hotuba. Kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kutompinga mkubwa hadharani, weka pia njia ya maswali yaliyoandikwa bila jina, na yasomwe yote palepale, yakiwemo makali. Wale wa matawi ya mbali wasipelekewe video peke yake. Nenda mwenyewe, au mtume mtu mwenye madaraka ya kujibu.

Hatua ya sita: Irudie kwa vitendo vya kawaida

Tangazo husahaulika upesi. Kinachodumu ni kile kilichoingia katika taratibu: maswali ya usaili wa ajira, fomu ya tathmini ya utendaji, vigezo vya kupandisha cheo, na ajenda ya kwanza ya kikao cha kila mwezi. Kampuni yetu ya mabasi ingefungua kila kikao kwa takwimu moja tu, yaani mabasi mangapi yamefika kwa wakati mwezi uliopita, kabla ya kugusa mapato. Jeff Bezos wa Amazon alifanya jambo la aina hii kwa wanahisa wake: kila mwaka aliambatanisha barua yake ya mwaka 1997, iliyoeleza kwamba kampuni ingetanguliza nafasi yake sokoni ya muda mrefu kuliko faida ya karibu, ili msomaji apime mwenyewe kama msimamo umebadilika.

Wewe utachoka kuisema kabla wengine hawajaisikia sawasawa. Usiibadilishe maneno ili kujiburudisha, maana kila toleo jipya huwafanya watu wadhani kuna dira nyingine.

Hatua ya saba: Pima kama imeeleweka

Baada ya miezi mitatu, chagua wafanyakazi kumi wa ngazi na matawi tofauti, usiwaombe waikariri dira, bali wape tukio waamue. Kwa mfano: saa ya kuondoka imefika, viti vinne viko wazi, na familia ya watu wanne imepiga simu ikisema iko njiani, dakika ishirini kutoka stendi. Utafanyaje, na kwa nini? Majibu yakielekea upande mmoja, dira imeingia. Yakitawanyika, kasoro iko kwenye sentensi yako au kwenye maelezo yako, na asiadhibiwe aliyejibu vibaya, kwa sababu mara ijayo atakuambia unachotaka kusikia.

Hatua ya nane: Jua wakati wa kuibadilisha na namna ya kuirithisha

Dira haibadilishwi kwa sababu mwaka mmoja umekuwa mgumu. Inabadilishwa ikitimia, au hali iliyoizaa ikitoweka. Microsoft iliishi miaka mingi na dira ya Bill Gates ya kuona kompyuta juu ya kila meza na katika kila nyumba. Katika nchi tajiri jambo hilo lilikaribia kutimia, na sentensi ile haikuweza tena kuwaambia wahandisi wafanye nini katika dunia ya simu za mkononi. Satya Nadella, aliyeshika uongozi mwaka 2014, aliandika dhamira mpya iliyohusu kumwezesha kila mtu na kila taasisi duniani kufanikisha mengi zaidi, akaisindikiza na uwekezaji mkubwa katika huduma za mtandaoni na kukubali kwamba programu za kampuni hiyo zifanye kazi hata kwenye vifaa vya washindani.

Kwa upande wa urithi, Shirika la Ndege la Ethiopia ni mfano wa karibu nasi. Dira yake iliyolenga mwaka 2025 iliandaliwa mwaka 2010, mwishoni mwa uongozi wa mtendaji mkuu Girma Wake, ikaendelezwa na Tewolde GebreMariam aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2011, na haikutupwa Mesfin Tasew alipoingia mwaka 2022. Shirika lilipokea ndege yake ya 100 mwaka 2018, miaka saba kabla ya kipindi cha dira kwisha.

Ukikaribia kuondoka, jalada la makabidhiano liwe na zaidi ya sentensi na takwimu. Weka humo maneno ya wateja uliyoyakusanya mwanzoni, orodha ya mambo mliyoamua kuyaacha pamoja na sababu zake, zile nusu kurasa za mameneja, na maelezo ya kila mara dira ilipokinzana na faida ya haraka na uamuzi uliofikiwa. Kisha ketini, wewe na anayekuja, pamoja na mwenyekiti wa bodi, mlipitie jalada hilo ukurasa kwa ukurasa kabla hajahutubia wafanyakazi kwa mara ya kwanza.